Ndama wa Gaju Anarudi kwa Nani?

Mzee Lazaro,

Shikamoo. Gaju amezaa. Jike. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, hutasikiliza kingine mpaka uambiwe na rangi: mwekundu kama mama yake, ana doa jeupe kwenye paji la uso. Zizi ni lile lile, hapa kiwanjani kwangu juu ya Kibirizi. Harufu ya dagaa inapanda asubuhi kama kawaida, na Gaju bado anaipigia chafya.

Sasa nakuuliza, na nakuuliza kwa hasira: huyu ndama namrudisha kwa nani?

Maana ni wewe uliyenifundisha. Mwaka ule lilipotoka tangazo kwamba wakimbizi wanaoishi mitaani waende kambini, nilisimama mlangoni nikawaambia maofisa ng'ombe hawa ni wangu na huyu mzee ananichungia. Ukanipa Gaju, mtamba mzuri kuliko wote. Ukasema kwenu Burundi ng'ombe wa kugabiwa hauzwi, na mzao wake jike wa kwanza hurudi kwa aliyemtoa, ili undugu usikatike. Nikakubali. Mimi ni mfanyabiashara, makubaliano nayajua. Ila makubaliano ambayo mwenzangu yuko kaburini siyajui, Mzee. Hilo hukunifundisha.

Wenzangu wa Ujiji wananicheka mpaka leo. "Mwajuma, mtoto wa dagaa, pembe hizo ndefu unaanikia kanga?" Wewe hukucheka. Nilikusimulia nilivyokuwa natoroka madrasa kwenda kuwatazama ng'ombe wa pembe ndefu wakipitishwa barabarani kwenda machinjioni. Nikirudi nachapwa, kesho naenda tena. Ukasema, "Mwana wanje, mwanangu, ulizaliwa nyumba ya jirani." Basi. Ukaendelea kumkuna Gaju shingoni.

Unakumbuka tulivyoanzisha lile kundi la mtandaoni? Wewe umekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mimi na simu. Watu wote walikuwa wanawapandishia ng'ombe wao mbegu za kisasa, na wewe ulikuwa unaogopa kwamba hata Gaju atakosa dume la damu yake. Nikakwambia, Mzee, wenye hizi ng'ombe wapo, wametawanyika tu. Tuwakusanye. Tukaliita Pembe Ndefu. Wakaingia kweli, wa Kasulu, wa Kibondo, mpaka wa ng'ambo ya mpaka. Na mimi admini, kwa kujua kwangu, nikaandika ujumbe wa kwanza: kila mwanachama aseme ana ng'ombe wangapi, madume wangapi na majike wangapi.

 Halafu wakaanza kutoka, mmoja baada ya mwingine.

Ulicheka mpaka ukakohoa. "Umewaita watu karamuni, halafu umewapekua mifuko." Mimi nikaona ni ushamba. Nilianza na beseni la dagaa hapo chini, nikafika kwenye kibanda changu cha maziwa Mwanga kwa kuhesabu. Nisingehesabu ningekuwa bado nabebea watu. Nikakwambia hivyo. Ukasema, "Sisi tumehesabiwa sana, Mwajuma. Njiani tumehesabiwa, kambini tumehesabiwa. Sijaona hesabu ambayo baada yake tuliongezeka."

Ng'ombe wa mtu hahesabiwi kwa sauti. Sawa. Hilo nililishika. Nilifuta ujumbe, nikaandika mwingine: kila mtu atujulishe ng'ombe mmoja tu, kwa jina lake. Wakarudi. Siku hizi asubuhi simu inalia mpaka mwanangu analalamika: majina, picha, watu wanasifia pembe kama wanasifia bibi harusi. Na dume limepatikana, Mzee. La Kibondo. Huyo ndiye baba wa ndama huyu. Ungeziona pembe zake ungesimama kwenye hiyo ndoo yako.

Lakini hukukaa kuyaona. Kile kifua kilikuzidi masika, na mchungaji wa kanisa lako aliponiuliza makaburini nani anasimama upande wa ndugu, nilisema mbele za watu wote: Mzee Lazaro hakuacha mtu. Niseme nini kingine? Niliwahi kukuuliza una watoto wangapi.  Ulitazama upande wa ziwa, ukampigia Gaju mluzi, naye wala hakuwa mbali. Nikaelewa kwamba wote wamekufa. Sikukuuliza tena. Nani anauliza mara ya pili?

Basi sikiliza.

Nilipoweka video ya ndama kwenye kundi, mtu mmoja akaandika: "Mama admini, huyo mama yake mnamwita kwa mwito gani?"  Akaandika tena kwamba ng'ombe wenye sura ile walikuwa wa baba yake. Kundi zima likamrukia. "Tapeli huyo, kesho atasema na admini ni dada yake!" Mwingine akasema, "Mwambie na mimi nina mbuzi, aje adai." Yule mtu hakubishana. Akatuma sauti tu.

Mzee, ilikuwa sauti yako. Ni ya kijana, haina kile kikohozi, lakini ule mwito unaoanzia chini kama mtu anayeugua, halafu unapanda, halafu unakatika ghafla, ni wako. Niliifungua nikiwa zizini. Gaju aliacha majani, akaja mpaka kwenye simu, akaipumulia kioo kikawa ukungu.

Mimi si mtu wa kuamini haraka. Nikafikiri labda wachungaji wote wa kwenu huita hivyo. Nikawaomba wanachama watume miito yao, nikaifungua yote mbele yake. Gaju akacheua. Hakuinua hata sikio. Nikarudia ile ya yule kijana, akaja tena.

Anaitwa Meshaki. Anasema yeye na mama yake walipita ziwani, wewe na ng'ombe mkapita milimani, mkutane Kigoma. Waliambiwa ng'ombe waliibiwa njiani na wachungaji wakauawa. Mama yake alifia kambini. Kambini hapo hapo Kasulu, Mzee! Hata siku haiishi umefika. Miaka yote hiyo umekaa kwenye ndoo yangu, na mwanao yuko umbali wa safari ya asubuhi.

Ndipo kichwa changu kinapogoma. Ulijua? Kama ulijua, uliachaje? Na kama uliambiwa mashua yao ilizama, mbona hukusema tu, "Nilikuwa na mtoto, amezama," nikulilie naye? Ulinyamaza kwa sababu hayupo, au kwa sababu uliona ukimtaja kwa hesabu atapungua? Nalipindua hili jambo huku nakama, huku nauza.

Jana nilimpigia simu. Nilikuwa nimejipanga maswali kama hakimu. Nikamuuliza la kwanza: kwenu mlizaliwa wangapi?

 Nikadhani simu imekatika. Halafu nikasikia mluzi, mdogo, kama mtu anayemwita ng'ombe ambaye hayuko mbali.

Sikuuliza la pili.

Anasema wakimbizi wanarudishwa kwao Burundi, na jina lake limeshasomwa, na gari lao halipakii ng'ombe. Akaniambia, "Dada, muuze tu, mimi sina pa kumweka." Nikamfokea. Ng'ombe wa kugabiwa hauzwi! Mimi, mtoto wa dagaa, namfundisha mwanao.

Kwa hiyo nimeamua, na kama nimekosea utajua mwenyewe la kufanya. Ndama ni wa Meshaki. Atakaa hapa zizini mpaka apate pa kumfunga, naye Meshaki amekubali jina nililompa ndama: lako, Lazaro, ni la kiume, kwa hiyo tumemwita Kagaruka, kwa lugha yenu, aliyerudi. Kila asubuhi kabla ya kukama ninamfungulia sauti ya Meshaki kwenye simu, ili siku akija asimkimbie. Leo ameanza kuinua kichwa. Na makaburini nitarudi kwa yule mchungaji wako, niseme mbele ya wale wale kwamba nilikosa: Mzee ameacha mtu.

Pumzika, baba yangu. Huko uliko, kama kuna malisho, gira amashyo, uwe na makundi ya ng'ombe kama mlivyokuwa mkitakiana. Makundi mangapi, sikuulizi.

Mwana wako,
Mwajuma