Mtani Kutoka Ujerumani

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mzungu amefika! Elizabeth, Mjerumani, miaka ishirini na mbili. Miezi sita atasafisha mabanda ya farasi hapa shambani na kujifunza Kiswahili. Bosi Mustansir kasema, mama Modesta, mdomo wako jikoni haupumziki, basi uongee naye. Nimeanza na shikamoo. Kaamkia kila mtu, hadi farasi. Jackson, mume wangu, kacheka mpaka akakaa chini.

Kaka yangu Laurenti hakucheka. Miaka kumi na moja ndiye anayepeleka wageni mlimani kwa farasi. Leo kaambiwa amfundishe binti njia zote. Ananiuliza, akishazijua, mimi nitapeleka nini mlimani, mbuzi?

Alhamisi, 6 Machi

Semeni anayefagia mabanda ni Mnyamwezi, mtani wetu sisi Waluguru. Asubuhi kamwambia Laurenti: kichwa hicho, ukifa jeneza litachongwa lenye roshani. Laurenti kamjibu, wewe tutakuzika umesimama, mdomo ubaki nje. Elizabeth akadhani watapigana! Nikamweleza — mtani hakasirikiwi, hata msibani. Kaandika kwenye kidaftari chake. Jioni kaniuliza, mama, mimi mtani wa nani? Nikamwonea huruma. Nikasema, wetu sote. Hivi hivi tu, afurahi.

Jumamosi, 15 Machi

Mkuyuni, kuzika jirani. Semeni kavaa kofia ya marehemu, kamwigiza anavyotembea, kisha kajilaza kaburini, hatoki mpaka apewe kuku. Watu wanacheka huku wanalia. Elizabeth macho kodo. Kesho Semeni anakwenda Tabora kumuuguza mama yake.

Jumanne, 25 Machi

Jackson amefariki. Asubuhi, anafunga kamba za viatu. Ee Mungu. Siwezi.

Alhamisi, 27 Machi

Jana tumezika. Nisipoandika nitapiga kelele.

Jeneza liko uani, padri hajafika. Mara Elizabeth katokea nyuma ya nyumba, kavaa koti la Jackson, lile la kijani. Anachechemea! Mguu ule ule wa kulia ambao Jackson alipigwa teke na farasi. Anakohoa kama yeye. Halafu, kwa Kiswahili nilichomfundisha mimi: "Modesta, chai iko wapi? Kiu itaniua!"

Hakuna aliyecheka. Mama mkwe akaanguka. Wifi Asia akamvua koti kwa nguvu, akamzaba kofi. Shetani wewe, umekuja kumcheka nani! Mtoto wa watu anageuka huku na huku, ananitafuta kwa macho — mama, mimi mtani... Wakamburuta kwenye matope mpaka barabarani. Mimi nilikuwa nimekaa. Sikunyanyuka.

Koti lilikuwa sandukuni. Ufunguo nilimpa Laurenti atoe nguo za kumvika marehemu.

Usiku nikamuuliza. Hakukataa. "Nilimwambia Elizabeth, Semeni hayupo, kazi ya mtani ni yako. Si wewe uliyempa utani?" Akanimiminia uji. Kisha, taratibu: "Mume ndiyo kaenda, dada. Shamba unalolima ni la ukoo wetu. Msemaji wa ukoo unamjua, amekaa mbele yako."

Akaniambia ninywe, usipoe.

Jumamosi, 29 Machi

Bosi kaja na gari. Elizabeth nyuma yake, shavu bado limevimba. Bosi kaniuliza mbele ya wafiwa wote: binti anasema Laurenti ndiye aliyemtuma na koti akampa yeye. Laurenti anasema binti kaiba koti, kajitungia mwenyewe. Wewe ndiye mfiwa, mama. Sema neno lako. Kama kajitungia, anaondoka leo hii.

Laurenti kakaa kando yangu, kanishika mkono. Wanawake wananong'ona, tazama kaka mwenye huruma.

Nikaomba nikasali kwanza. Nimepiga magoti chumbani, Baba Yetu inakwama hapo hapo mwanzoni. Nimechukua daftari.

Laurenti dirishani: dada, watu wanangoja.

Sasa Elizabeth mlangoni. "Hodi, mama. Pole sana kwa msiba. Naomba unisamehe." Hajakosea hata neno moja.

Nimenyanyuka. Nimefunga komeo. Shamba ni la ukoo.

Anabisha tena.