Kipande cha Nyama chenye Jina la Wafula

Jumatatu, 3 Machi
Lori la kwanza limejaa kabla ya saa nne. Nimebeba magunia tisa. Wenzangu wamepita ishirini. Chai nusu kikombe, tumbo likakataa. Githeri, mahindi na maharagwe ya mchana, sikuigusa.
Mchana nimeenda hospitali ya misheni kuchukua kipande changu cha nyama. Walikitoa tumboni kwa kamera mwezi uliopita, nilipotapika damu tukipakia mahindi kule Ainabkoi. Kimewekwa ndani ya nta, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Nilidhani saratani ni kitu kikubwa zaidi. Kesho nakipeleka hospitali kubwa mjini. Barua yake iko kwenye bahasha, imefungwa.

Jumanne, 4 Machi
Daktari wa saratani ni mama wa makamo, anaongea polepole. Amesema mwili hujinakili kila siku, kama wanafunzi wanavyonakili kutoka ubaoni. Kuna jeni zenye kazi ya mwalimu, zinasahihisha makosa. Kwa wagonjwa wengine jeni hizo zimeharibika ndani ya saratani, na makosa yanajaa kila mahali. Cha ajabu, hiyo inaweza kuwa bahati. Askari wa mwili humtambua haraka mgeni mwenye makosa mengi, ila saratani imewafunga macho. Kuna dawa mpya inayowafungua. Kama nyama haina alama ya makosa hayo, kwangu haitafanya kazi sana. Na ni ghali; ile ya msaada, ya bure, wanapewa wachache tu, wenye alama.
Niliacha shule darasa la sita lakini hapo nilielewa. Nikatoka na furaha.
Halafu maabara. Mtu wa pale akafungua bahasha, akatazama kitambulisho changu, akatazama barua.
“Mzee, hii ni ya Wafula. Wewe ni Mutinda.”
Nikasoma mwenyewe: Wafula.

Jumatano, 5 Machi
Najua ilivyotokea. Wafula alikuwa mpakiaji hapa, akarudi kwao Bungoma miaka mitatu iliyopita. Nikachukua nafasi yake kwenye stoo ya mahindi. Nyapara wetu, Kosgei, haandiki orodha upya. Ukichukua nafasi ya mtu unachukua na jina lake. Tunaye Ouma, jina la Kijaluo, ambaye ni Mturkana. Kwa hiyo nilipoanguka Ainabkoi, wenzangu walitaja jina wanalolijua. Nilipozinduka nesi akaita Wafula. Nikaitika. Mazoea. Kosa ni langu pia.
Maabara hawawezi kupokea nyama kwa maneno ya mdomo. Wanasema wakimtibu mtu kwa kipimo cha nyama ya mwingine wanaweza kumuua. Nimekasirika, lakini ni kweli. Njia nyingine ni kumeza kamera tena, na foleni imefika Mei. Dawa ya msaada haitangoja Mei. Wala tumbo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwomba Kosgei aje hospitali aseme ukweli. Amekataa. Anaogopa mwenye stoo atajua habari za orodha.
“Wafula, hiyo maneno utaniponza nayo.”
Nikamwambia naitwa Mutinda. Akacheka. Sijawahi kumchukia mtu hivyo.
Ouma akasema kwa sauti ili wote wasikie, “Basi hiyo saratani si yako. Mpigie Wafula simu aje achukue mzigo wake.” Tumecheka wote. Mimi nimecheka mpaka tumbo likaniuma.

Ijumaa, 7 Machi
Sikwenda kazini. Nimempigia mke wangu, Mwende, huko Mwingi. Nimemwambia ni vidonda vya tumbo. Uongo.

Jumatatu, 10 Machi
Nilimkuta Kosgei langoni mwa hospitali, kofia mkononi, daftari la orodha kwapani. Sijui nani alimsema. Labda mkewe. Mbele ya daktari alisema, “Huyu ni Mutinda. Mimi ndiye nilimfanya Wafula.” Hakunitazama.
Daktari akamshukuru lakini akasema daftari halitoshi. Damu ndiyo itakayosema. Kama nyama ni yangu, jeni zake zitalingana na za damu yangu, ukiondoa yale makosa ya saratani. Nimetolewa damu chupa mbili.
Nikiwa njiani wazo baya limeniingia. Itakuwaje kama si yangu? Kama pale misheni walichanganya, na mimi ni mzima? Nikafurahi hatua kama kumi hivi. Kisha nikakumbuka ile damu ya Ainabkoi. Ugonjwa ninao. Kama nyama si yangu, nimerudi mwanzo.
Nimemwomba Mungu nyama yenye saratani iwe yangu. Sala gani hiyo.

Alhamisi, 13 Machi
Hakuna majibu.

Jumanne, 18 Machi
Hakuna. Mvua imeanza. Kosgei amenipa kazi ya kushona midomo ya magunia nikiwa nimekaa. Nimejidunga kidole kwa sindano mara nne. Kila simu ikilia, hata ya mwenzangu, natia mkono mfukoni. Suruali naifunga kwa kamba.

Jumatano, 26 Machi
Wameita. Nyama ni yangu. Na alama iko.
Daktari alitabasamu. Mimi sikuweza. Kuna jambo la pili. Kuharibika huko kwa jeni wakati mwingine hutoka kwa wazazi. Akauliza nani kwetu aliugua tumbo. Nikasema mama, na mjomba wangu kabla yake. Wote tulisema ni kurogwa. Kuna kipimo kingine cha damu kitakachoonyesha kama ni ya ukoo. Ikiwa ndivyo, watoto wangu nao wapimwe wakikua.
Nimempigia Mwende nikasema yote. Akauliza ni nani ananipikia uji.

Jumatatu, 7 Aprili
Dawa ya kwanza leo. Nesi ameniuliza jina. Nimesema Mutinda. Akalisoma tena kwenye mfuko wa dawa, herufi kwa herufi. Dawa yenyewe haina rangi, kama maji. Daktari amesema tusubiri miezi mitatu, wapige picha tena. Hakuniahidi kitu. Nimependa hivyo.
Nikirudi nilipita stoo kuwasalimia. Nafasi yangu ina mtu, mwembamba, mabega bado hayajazoea. Kosgei akaita, “Wafula!” Nikageuka. Yule mtu akaitika.
Wakati wa chai nilikaa naye juu ya magunia. Nikamwuliza jina. Ekeno. Ametoka Lodwar juzi. Nikamwambia kitambulisho akitie mfukoni, kila siku, hata akienda kupakia karibu. Akacheka kidogo, kisha akaona mimi sicheki. Akakitoa kwenye begi akakitia mfukoni.
Nimekunywa chai nusu kikombe. Imekaa tumboni.