Andazi Juu ya Jeneza

Mama yangu uliyelala Märsta, huku Uswidi,

Siku tuliyokuzika, mchungaji alisimama mbele ya jeneza akasema wewe ulivuka vita bila kumwacha mtoto hata mmoja. Watu wakaitikia amina. Mimi nilinyamaza, kwa sababu baridi ilikuwa kali na kila mtu alitaka kwenda kunywa chai. Hao walioitikia amina nao waisome barua hii, ingawa ninakuandikia wewe. Shule niliiachia njiani, unajua, kwa hiyo sitazunguka.

Unakumbuka lile gofu? Kiangazi kile kanisa lilikodi basi twende kuona ngome ya zamani, mbele ya Märsta, juu ya kilima kando ya ziwa. Ulivaa kitenge cha kijani na viatu vyako vya kazi ya kusafisha ndege, maana vingine vilikuwa vinakubana. Tulitegemea jumba la mfalme. Tukakuta kuta mbovu zisizo na paa, na kondoo wanalala ndani. Mama Rehema, yule wa kwaya, akapiga makofi.

"Eh! Tumelipa basi kuja kuona kwetu Uvira! Nyumba za namna hii si ndizo tulizozikimbia?"

Ulicheka mpaka ukashikilia jiwe.

Mzee mmoja Mswidi alikuwa akiwaeleza wageni habari za mahali pale. Mdogo wangu Furaha alitutafsiria, huku anatafuna chingamu. Alisema zamani, ngome ilipokuwa inajengwa, ukuta wa upande wa ziwa ulianguka kila usiku. Fundi akasema hautasimama mpaka uwekewe kitu chenye roho. Basi wakamnunua mtoto kwa mwanamke ombaomba. Wakamkalisha ndani ya ukuta, wakampa mkate uliopakwa siagi, kitu ambacho hajawahi kuonja. Mtoto akala kwa furaha, mawe yanapanda. Yalipomfika kifuani akasema, "Msinimwagie vumbi kwenye mkate wangu." Hakusema neno lingine. Watu wa pale wanasema upepo ukitoka ziwani, bado anasikika.

"Kumbe na wao!" akasema Mama Rehema. "Halafu wachawi ni sisi."

Wote walicheka. Wewe ulimvuta Furaha mkono. "Muulize babu, ukuta ulisimama?"

Mzee aliposikia swali akaupigapiga ukuta kwa kiganja, kama mtu anayemsifu ng'ombe wake.

"Anasema ndio huu," Furaha akasema. "Zile nyingine zilianguka, huu bado."

"Basi," ukasema. Ukakaa kwenye nyasi, ukafunua ndoo ya maandazi. La kwanza ukanipa mimi. "Shika, mkubwa wangu."

Mama, nililishika lile andazi nikajikuta tena kwenye kizingiti cha bibi. Milio ya bunduki ilikuwa imefika mtoni. Mguu wangu ulikuwa umevimba kwa jipu, siwezi kukanyaga. Furaha alikuwa mgongoni kwako, furushi kichwani. Furushi lilipata nafasi. Ulinipa andazi la moto ukaniambia, "Kaa hapa ule, narudi sasa hivi." Nikala polepole ili lisiishe kabla hujarudi. Kipande cha mwisho nilikuwekea wewe, juu ya jani. Sisimizi wakakibeba. Bibi akanikuta nawapiga sisimizi nalia, akadhani nalilia mguu.

Ulinitafuta baadaye, hilo sikunyimi. Nilipofika Stockholm nilikuwa na ndevu, na pale kwenye uwanja wa ndege wewe ulimkumbatia kwanza kijana mwingine, ukidhani ndiye mimi. Tulilicheka jambo hilo miaka yote. Lakini swali langu sikuwahi kuliuliza mpaka siku ile ya gofu.

"Lile la kwa bibi," nikakuambia, "uliponipa, ulijua hurudi?"

Ulitazama kwanza kama Furaha anasikia. Kisha ukanijibu kwa Kibembe, lugha ambayo yeye hukumfundisha.

"Nilijua. Ndiyo maana nilitia sukari."

Furaha akauliza kwa Kiswidi, mnasema nini? Hakuna aliyemtafsiria. Ukaendelea kugawa maandazi, huyu mawili, yule mawili, na ndani ya basi ukalala umeegemeza kichwa begani kwangu. Sikukisukuma. Kilikuwa kizito.

Ni kweli, lilikuwa na sukari. Wakati ule sukari hatukuwa nayo kabisa. Sijui uliitoa wapi. Nilipokuwa mtoto nilijisifia jambo hilo kwa watoto wa jirani: mama yangu ananipenda, alinitilia sukari. Baada ya gofu sikuweza tena kujisifia. Sasa navunja vyoo vya zamani kwenye maghorofa ya Farsta, na mchana nikifungua mkate wangu, vumbi la saruji linashuka juu yake. Nakula hivyo hivyo. Mwenzangu hushangaa kwa nini sisogei pembeni. Nitamweleza nini?

Nilijaribu kukuchukia, mama. Siku nyingine naweza. Siku nyingine nafikiri jinsi Furaha alivyo hai, ana shahada, ana watoto, nami nasikia sauti yako: muulize babu, ukuta ulisimama? Ulisimama, mama. Ila hukumuuliza yule mtoto.

Siku ya maziko, kabla watu hawajaanza kutupa udongo, niliweka andazi juu ya jeneza lako. Nililipika mwenyewe asubuhi. Furaha alidhani ni mila ya kwetu, akainamisha kichwa. Kisha nikachota udongo kwa mkono wangu, nikautupa juu ya lile andazi.

Sikutia sukari. Wewe sikutaka kukudanganya.

Lala.

Mwanao mkubwa, wa kwenye kizingiti cha bibi