Nimemkalisha Diwani Kama Yuko Darasa la Nne

Jumanne, jioni. Mlima umejifungia mawinguni tangu asubuhi. Afadhali, maana leo sikutaka hata wenyewe unione.

Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi kabla ya kugombea udiwani, na madiwani wenzangu waliponichagua kuwa Meya nilidhani chaki nimeiacha shuleni. Wapi! Leo imenifuata mpaka ukumbini.

Kikao kilikuwa na jambo moja kubwa: paa la wauza ndizi wa Kiboriloni. Akina mama wale wanapanga mikungu yao kwenye tope, na mvua ikinyesha wanajifunika mifuko ya nailoni. Mimi nataka wajengewe paa palepale walipo, kabla masika hayajaanza. Mheshimiwa Aminieli anataka wahamishwe, pawe maegesho ya magari. Nasema bila kuficha: hoja yangu ni nzuri kuliko yake, na kura ninazo.

Tatizo ni kwamba Aminieli nilimfundisha mimi kusoma.

Alisema, akarudia, akarudia tena, halafu akaanza kuninyooshea kidole. Nikapiga meza. "Aminieli! Kaa chini, na usinyanyuke mpaka nikuambie!"

Akakaa. Mikono juu ya meza kabisa, kama zamani. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na jamani, hata mimi nilicheka. Kisha nikauona uso wake. Akakusanya karatasi zake akatoka, na wenzake wakamfuata. Tuliobaki hatukutimiza akidi. Kikao kimeahirishwa mpaka kesho, na wasiporudi, suala la paa litasubiri bajeti nyingine, akina mama wakiwa wameshalowa masika yote.

Naibu wangu akanishauri nimpigie simu. Simu! Umemwaibisha mtu mbele za watu, halafu umpigie simu?

Nikavua joho, nikapanda nyumbani Uru. Kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba la ukoo, nyuma ya migomba ya marehemu baba, nikakata jani la isale. Huku kwetu ukiletewa jani hilo unasamehe, hata kama moyo bado unachemka. Ndiyo maana halipelekwi ovyo. Njia nzima nilikuwa najionya: jani hili ni la kosa, si la kura. Nikiomba vyote viwili kwa mpigo, nitakuwa nimemfunga mikono.

Kwa mama yake ni ng'ambo ya mfereji tu. Nilimkuta Aminieli uani anakatakata majani ya ng'ombe, shati la kikao bado mwilini.

"Shikamoo mwalimu," akasema bila kunitazama.

Na hasira zote zile, bado shikamoo! Nikaona aibu, aibu ya kweli. Nikampa jani kwa mikono miwili, nikamwambia nimekukosea, wewe si mwanafunzi wangu tena, nisamehe. Habari ya paa sikuigusa.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la mtori.

"Nimepokea," akasema Aminieli. "Kesho tutakuja wote. Lakini nitakupinga, mwalimu."

"Pinga. Ila uje na sababu."

Akacheka, na mama yake naye akapata nafasi ya kutugawia mtori. Tukanywa tukizungumzia kahawa na bei ya pumba.

Kwa hiyo paa litajadiliwa, na nitashinda. Hilo halininyimi usingizi. Ninachokiogopa ni huu ulimi wangu. Tangu nirudi nimekuwa mbele ya kioo najizoeza, mpaka mume wangu akauliza kama kuna mgeni humo chumbani.

Kesho Aminieli akinyoosha mkono, nitasema: Mheshimiwa Diwani, karibu usimame.