Treni ya Mizimu ya Mang Kulas

Jumamosi, 7 Oktoba

Leo mtoto amenipigia miayo usoni. Miayo! Nimetoka jenezani kwa kishindo, nywele zimenifunika uso, nimempigia ule ukelele wangu wa kuwatoa watu machozi — katoto kananitazama, kanapiga miayo, kanamwuliza mamake Roketi iko wapi. Nimerudi jenezani nimenuna. Mimi Nening, mzimu wa gauni jeupe tangu bustani hii ya michezo ya Bahaghari haina hata bembea za maana!

Roketi ndiyo imetuharibia. Inawapandisha watu juu kupita minazi yote ya Laguna, kisha inawaachia. Foleni yake inapinda mpaka kwa muuza ndizi za sukari. Foleni ya Treni ya Mizimu leo ilikuwa mbwa mmoja, tena amelala.

Mwenzangu Temyong anasema tatizo ni mimi, eti siku hizi nafanana na bibi za watu. Nikamwambia ajitazame kwanza yeye: jitu gani la kutisha hilo, la kukaa mtini na kuvuta sigara, linalosimama juu ya kreti ya soda ndipo lionekane? Tumecheka mpaka ndevu zake zikabanduka. Lakini sigara yake ya plastiki haiwaki tena, na hakuna aliyesema itatengenezwa.

Mang Kulas, mzee wetu mwenye bustani, bado yuko hospitali. Asubuhi bila yeye hazinogi. Kila siku kabla hatujafungua lango, mzee alikuwa anapanda behewa la mbele, peke yake, kuijaribu treni aliyoiunda kwa mikono yake. Akifika kona yangu, namvuta mguu. Anaruka! Halafu anajikohoza na kusema: Nening, leo umelegea. Mwongo mkubwa yule.

Jumanne, 10 Oktoba

Kikao. Madam Rochelle ametuita ofisini — huyu ni bintiye Mang Kulas, ndiye mwenye usukani tangu arudi kutoka Singapuri. Nilipoona tambi za kukaanga na keki ya wali mezani, nikajua kuna jambo. Bosi hakulishi bure.

Kweli. Treni inabomolewa. Mafundi wanaanza Jumatatu tarehe 23, ili Krismasi ikute mtambo mpya. Watu watakaa kwenye viti, watavaa miwani mikubwa kama ya wachomea vyuma, na mizimu wataiona humo humo kwenye miwani. Temyong akauliza: Madam, unaifukuza mizimu siku kumi kabla ya Siku ya Wafu? Akajibiwa kwamba wafu hawanunui tiketi.

Temyong atapelekwa langoni. Mimi nitawavalisha watu miwani na kuifuta jasho. Mimi! Kufuta jasho la watu!

Nikatoka hapo moja kwa moja nikaenda kupanda Roketi, nimjue adui. Yesu na Maria! Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka. Nimeliona ziwa, nimeona bati la nyumba yangu, nimeona na nguo zangu kwenye kamba. Nimeshuka, nikarudi kwenye foleni. Nimeipenda! Temyong simwambii hata anikabe.

Ila Roketi haikujui. Kila mtu inamrusha vilevile. Mimi namjua anayeogopa kweli na anayejifanya. Mtoto akishaanza kulia namwacha apite. Kijana anayejitutumua mbele ya mchumba wake — huyo ni halali yangu.

Ijumaa, 13 Oktoba

Mang Kulas amefariki alfajiri. Habari imenikuta tayari nimo jenezani. Nimelia mpaka gauni limelowa. Wageni wa kwanza wakasikia kilio chenyewe halisi, wakatoka mbio, mmoja ameacha kandambili. Mzee angefurahi sana.

Bustani imefungwa.

Jumatano, 18 Oktoba

Tumemzika. Mvua imetunyeshea makaburini kama tumeikosea. Aling Choleng, mjane wa mzee, hakutaka mwavuli.

Sasa niandike yaliyofuata kabla sijaanza kuyatilia chumvi.

Utoke msibani uende moja kwa moja nyumbani, nani huyo? Marehemu akufuate mpaka chumbani! Lazima kwanza upitie mahali pengine, ukae, ule kitu, umpotezee njia. Hilo hata Madam Rochelle na shahada zake analifuata. Tulikuwa tumepanga kupitia mgahawa wa tambi karibu na soko. Tukaukuta umefungwa, maji yamejaa mpaka mlangoni. Ndugu wa marehemu basi zima, wamelowa, watoto wananung'unika njaa. Na mbele yetu — lango la Bahaghari. Madam akasema tuingie hapa, funguo anazo, jikoni kuna chakula. Wote tukamsifu kwa akili. Wote! Hata mimi.

Tukala. Watoto wakataka treni. Madam akamtazama mamake, mamake akasema iwasheni, baba yenu alikuwa hapendi treni ilale. Tukakimbilia mahali petu, mimi na nguo zangu za msiba hivyo hivyo. Aling Choleng alikaa behewa la mbele na bintiye. Nilimvuta mguu polepole, kwa heshima. Akanipiga na kipepeo chake cha kujipepea kichwani! Wajukuu wakacheka, naye akacheka, kisha akalia, kisha vyote pamoja. Madam naye alipiga ukelele nikausikia wazi, sauti ile ile ya utotoni, alipokuwa hana meno ya mbele.

Tumeshuka, kila mtu uso umechangamka, ndipo Temyong akavua ndevu na kuuliza taratibu:

"Samahani jamani. Marehemu tumempotezea njia wapi? Si hapa ndipo kwake?"

Kijiko kikaanguka mahali.

Aling Choleng akashika mdomo. "Maskini mie! Tumemsindikiza wenyewe mpaka mlangoni!"

Wakatoka wote mbio kwenye mvua, na mapande ya kuku mkononi. Nimecheka njia nzima. Nyumbani lakini nimeacha taa inawaka.

Alhamisi, 19 Oktoba

Bustani imefunguliwa. Madam anatuambia tusieneze maneno ya kizamani, marehemu amepumzika, basi. Tukaitikia ndiyo, Madam. Halafu akamwomba Temyong amletee mkoba wake, aliousahau jana behewa la mbele. Temyong akamwambia, behewa si hilo hapo, Madam, hatua chache tu? Akasema ana kazi nyingi.

Jumapili, 22 Oktoba

Foleni! Foleni yetu! Imepita ndizi za sukari, imepita vyoo, imekutana na ya Roketi. Sikumwambia mtu habari za Jumatano. Labda dada yangu. Na wale wa kanisani. Na muuza ndizi, lakini yule aliniuliza mwenyewe.

Wanaingia wanasema naomba kupita, mzee, naomba kupita, kila kona, kama tunavyowaomba njia wasioonekana. Wazee wanaleta wajukuu na kuwaonyesha: hapa ndipo mamako alipomrukia babako, ndipo ukapatikana wewe. Yule wa miayo amerudi! Nimemtambua kwa mashavu. Safari hii alikuwa amejifunika na mkono wa mamake kabla hata sijafungua jeneza. Nikamwacha apite. Nina moyo, bwana.

Msimamizi wa mafundi kaja kupima mahali. Kanunua ndizi, kasimuliwa, kapiga ishara ya msalaba. Anasema vijana wake hawagusi hata skrubu mpaka siku arobaini za marehemu ziishe, kwani siku hizo bado anazunguka. Madam akasema atatafuta wengine. Temyong akaniambia pembeni, watoke wapi? Wote wana mama zao.

Jumatatu, 23 Oktoba

Wametoka Manila. Lori liko langoni, vijana wenye helmeti, nyundo na mashine ya kukatia vyuma. Hawajanunua ndizi, ndiyo bahati mbaya.

Nimekuja mapema, nimevaa gauni, nimejipaka unga, nimeingia jenezani. Hakuna aliyenituma. Wakitaka kubomoa watanikuta humu, na mimi sitoki kimya. Nina tochi, daftari hili na mkate.

Temyong amepita mbio: Madam amewaambia wale wangoje. Anataka kuzunguka mara moja tu, peke yake, kisha ndipo aseme waanze. Temyong anawasha.

Nasikia magurudumu. Na Madam Rochelle, jamani, wa Singapuri — anasema naomba kupita, Tatay. Kona ya kwanza, naomba kupita. Kona ya Temyong, naomba kupita. Tatay! Baba! Hajamwita hivyo mbele yetu tangu arudi.

Umeme umekatika.

Treni imesimama hapa hapa kwangu. Temyong huko nje anapiga kelele kwamba ni mtaa mzima, tuvumilie. Nimechungulia kwenye ufa. Madam amekaa behewa la pili, mkoba mapajani. La mbele ameliacha wazi.

Nimeandika hilo halafu nimelisoma tena. Ameliacha wazi.

Amejua nimo. Ameuliza, "Ate Nening, unaandika nini humo?" Nikasema hesabu ya mishumaa, Madam. Akasema, "Dada, wewe uongo umeusomea kwa Tatay." Tukacheka, kila mtu gizani kwake. Kisha akaniuliza kama babake alikuwa anaogopa kweli, kila asubuhi, au alikuwa ananifurahisha tu. Nikamwambia aliogopa. Aliruka kila siku. Akajipangusa pua.

Sasa taa zinapepesa, umeme unarudi. Nimemwambia, Madam, shika chuma, kazi ni kazi, nakuvuta mguu. Akasema, "Mimi baadaye. Anza na yeye, ndiye aliyekaa mbele."

Nimefungua kifuniko. Nimenyoosha mkono mmoja, mwingine unaandika, mpaka kwenye behewa la mbele, pale chini mzee anapowekaga mguu. Miaka yote hii nimewatisha watu, na leo mimi ndiye ninayesema naomba kupita, mzee. Sijashusha bado. Lori linapiga honi huko nje na Madam hageuki hata kidogo, anangoja mzee aruke.