Alasiri Iliyohesabiwa Mara Mbili

Jumatano, 1 Februari 2017
Seneta Osterholt ameitisha kikao cha kamati wiki ijayo. Mswada wake: jimbo litumie namba ghafi za joto pekee, masahihisho ya ofisi yetu ya hali ya hewa yafutwe. Shahidi wake ni Bibi Vlasta Hruska — mkulima wa miaka themanini na moja, anayetusomea kipimajoto kwa kujitolea tangu 1961. Ni kweli tulizibadilisha namba zake. Hilo ndilo linalonisumbua: Seneta hasemi uongo. Anaishia njiani.

Alhamisi, 2 Februari
Nimekwenda shambani kwake. Akaniwekea kolache, maandazi yenye plamu, kisha akanivaa. Miaka hamsini na sita hajaruka siku. Alipojifungua, mumewe ndiye aliyesoma — na Bibi akamrudisha akasome tena. "Leo mnanishushia namba! Mimi mwongo?"

Nikaeleza upya. Hadi 1987 alisoma saa kumi na moja jioni, kwa kuwa asubuhi alikamua ng'ombe. Walipouzwa, akahamia saa moja asubuhi. Alama ya joto la juu kwenye kipimajoto hubaki ilipofika mpaka irudishwe. Ukiirudisha jioni kungali joto, hupanda papo hapo hadi joto la saa hiyo. Kesho ikiwa baridi, daftari hupokea joto la jana. Alasiri moja, mara mbili. Kosa la saa, si lake. Ndiyo maana tunazishusha namba za miaka ile kwa digrii moja nukta moja.

"Uliniambia mwaka juzi. Sikukuamini. Kwa hiyo mwaka jana wote nimesoma mara mbili. Vipimajoto viwili, kibanda kimoja. Kimoja jioni, kimoja asubuhi."

Nikauliza tofauti ni ngapi.

"Sijajumlisha. Ukijumlisha mapema, jicho huanza kutafuta linachokitaka."

Nimefundisha upimaji miaka ishirini. Sijapata kulisema hilo vizuri hivyo. Nikaliomba daftari. Akakataa. "Merle Osterholt naye kaliomba, na huyo nilimfuta kamasi kanisani akiwa mtoto. Mtasikia pamoja."

Jumanne, 7 Februari
Mkurugenzi anataka nimshawishi Bibi asije. Atatumaliza, anasema. Nimekataa. Ikiwa tumekosea, mswada na upite. Ni rahisi kuiandika sentensi hiyo. Sikula chakula cha mchana.

Jumatano, 8 Februari
Ukumbini. Naandikia magotini.

Osterholt: ndiyo au hapana, namba zako zilibadilishwa?

"Ndiyo."

Makofi. "Asante, Bibi. Yatosha."

"Haitoshi, Merle. Keti."

Kicheko. Bibi amevaa miwani na kuanza tarehe mosi Januari: jioni, asubuhi. Siku baada ya siku, sauti ile ile, hata namba zinapolingana. Mwenyekiti amemkumbusha muda. "Mmeniita niseme namba. Ndizo hizi. Ziko siku mia tatu sitini na sita."

Najumlisha pembeni. Januari: jioni imezidi kwa sifuri nukta tisa. Februari: moja nukta tatu. Bado miezi kumi. Sina haki ya kutabasamu.

Watu wa mstari wa nyuma wanatoka. Osterholt ametoa kalamu. Ameacha kuutazama ukumbi. Anachora safu mbili.

"Machi nne," anasoma Bibi. "Hapa nilichelewa dakika kumi na mbili. Mlijue hilo."

Osterholt hakuinua kichwa. "Asubuhi au jioni, Bibi?"