Wa Mwisho Kulia

Jumatano, 1 Oktoba 1986

Vitabu vimefika! Maboksi yamejaa kwenye korido hadi mlango wa mbele haufunguki vizuri, na Wilf ameshaumia mgongo kwa kuyabeba, kama nilivyomwambia ataumia. Hiki ni kitabu chetu cha tano, mimi na mume wangu, kuhusu kijiji hiki cha Harrowlaw ambacho hakuna mwingine anayejali kukiandika. Cha kwanza chenye jalada la rangi. Nilikaa ngazini nikakinusa.

Nikaenda moja kwa moja kwenye picha ya jiko la supu la wagomaji, mwaka wa mgomo mkubwa wa migodi ya makaa, 1926. Wanaume wanane kwenye benchi, masufuria miguuni mwao. Picha hii imetugombanisha mimi na Wilf tangu majira ya kuchipua. Mmoja wa hao wanane alirudi mgodini baadaye, wenzake wangali na njaa. Wilf alitaka jina lake lichapwe — historia ni historia, anasema. Nikakataa katakata. Binti wa mtu huyo ni Nora Tulip, na Nora anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa! Basi hatukutaja jina la yeyote. Tumeandika tu: "Wa mwisho kulia alirudi kazini kabla mgomo haujaisha. Jina lake tunalihifadhi." Sentensi safi. Sioni haya kujisifu.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nora kaja kununua. Kachukua nakala nne — moja yake, tatu za wapwa zake walioko Leeds. Akanishika mkono mlangoni akaukawiza. Akasema asante, Freda, hujui ulichonifanyia. Nilijua. Au nilidhani najua. Jioni nilimsimulia Wilf kwa madaha, nikamwambia unaona faida ya kufunga mdomo? Akaendelea kula viazi vyake.

Jumapili, 5 Oktoba

Olive Garbutt amekuja baada ya kanisa, kofia kichwani bado, kitabu kwapani. Hakutaka chai. Hapo tu ningejua kuna jambo.

Kumbe jana klabuni walimfanyia mjukuu wake, Stuart, kitu kibaya. Mtu alifungua ukurasa wa benchi akauweka karibu na uso wake, wote wakaangalia — masikio yale yale, kidevu kile kile. Stuart! Aliyegoma mwaka mzima kwenye mgomo wa juzi juzi hapa, akauza gari, akauza hadi kitanda cha mtoto, hakurudi mgodini hata siku moja. Wakamwambia kumbe ukoo wenu mna damu hiyo. Mara ya kwanza alicheka nao. Mara ya tatu alitoka nje.

Olive akaweka kidole kwenye picha, wa mwisho kulia.

"Huyu ni baba yangu, Freda. Alikaa upande wa kushoto. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nilikuwa nimesimama kando ya aliyepiga picha. Nani kakwambia baba yangu alisaliti wenzake?"

Wilf akatoka nje eti kuangalia vitunguu vyake.

Jumatatu, 6 Oktoba

Ni kweli. Vifungo vya makoti vyote viko upande usio wake, upande wa wanawake. Wanaume wanane wa makaa ya mawe wamevaa makoti ya wake zao, nami sikuona! Mchapaji anasema kile kioo chenye picha asilia kiliwekwa kifudifudi, kulia kukawa kushoto, jambo la kawaida, na kwamba nilitumiwa nakala ya kukagua nikaitia sahihi. Niliitia sahihi. Nilikuwa nasoma ile sentensi yangu safi.

Nusu ya vitabu vimeshauzwa. Siwezi kupita nyumba kwa nyumba kuvinyang'anya.

Jumanne, 7 Oktoba

Wilf anasema tubandike karatasi ya masahihisho. Rahisi kusema. Nimeiandika kila namna. Nikisema picha imegeuzwa, basi wa mwisho kushoto ndiye. Nikisema si yule wa kulia, watauliza ni nani basi, na watahesabu nyuso hadi wampate. Nora ana uso wa baba yake mtupu. Hakuna maneno ya kumtoa Olive shimoni yasiyomsukuma Nora humo humo.

Ningekuwa nimetaja jina kama Wilf alivyotaka, picha ingegeuzwa hata mara kumi na familia ya Olive isingeguswa. Wilf hajalisema hilo. Heri angelisema.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mtu ameandika MSALITI kwa chaki kwenye mlango wa Stuart. Nilimkuta Olive amepiga magoti anasugua, mwanamke wa miaka sabini na mbili. Nikanyoosha mkono nichukue brashi. Hakunipa.

Akasema anajua vizuri mimi ninamficha nani. Amemjua Nora tangu arudi kijijini hapa baada ya miaka yote ile ya kuishi kwingine, na hajawahi kumtupia neno la baba yake, wala hakuruhusu mtu mwingine amtupie. Wazee wanaokumbuka ni wachache, na wote wamenyamaza kwa sababu yeye Olive amenyamaza.

"Lakini siwezi kumnunulia amani kwa jina la baba yangu. Jumamosi, kwenye uzinduzi wa kitabu, utasimama useme nani ni nani. Usiposema wewe nitasema mimi, na mimi sina maneno laini kama yako."

Nikasema sawa. Niliondoka na unga wa chaki kwenye sketi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nilikwenda kwa Nora nimwambie kabla hajasikia ukumbini. Nilijikaza njia nzima. Nyumba tatu tu, lakini njia nzima!

Ameikata ile picha kwenye nakala yake akaitia kwenye fremu. Iko juu ya meko. Hakuwahi kuwa na picha yoyote ya baba yake, mama yao alizichoma walipofukuzwa hapa. Akaniketisha, akakata keki, akasema siku zote anataka kuniuliza jambo na anaona haya.

"Huyu wa mwisho kulia — alikuwa na watoto? Mimi nilidhani ni baba peke yake, Freda. Utoto wote, uzee wote huu, nilidhani katika kijiji kizima ni yeye tu aliyerudi. Kumbe kulikuwa na mwenzake, na wewe ukaamua baba yangu, huyu wa kushoto, umwache hivyo hivyo, amekaa na wenziwe. Ningependa kumjua mtoto wa yule bwana. Tungekunywa chai tu. Hatungelazimika hata kuongea."

Nilikula keki. Nikaimaliza yote. Nikasema sijui kama alikuwa na watoto. Nikarudi nyumbani nikajifungia chooni nikalia, Wilf anagonga akiuliza kama ni tumbo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Naandika jikoni mwa ukumbi, daftari juu ya sinia. Nimesema nakuja kuangalia birika kubwa. Linachemka lenyewe, halinihitaji.

Ukumbi umejaa. Stuart hakuja. Olive yuko mbele kabisa, fimbo magotini, hajavua koti. Wilf anaonyesha picha za shule ukutani ili kunipa muda, na anakaribia kumaliza — nasikia wakicheka kaptula za enzi hizo. Baada ya chai ni zamu yangu. Nina karatasi mfukoni. Ina mistari miwili na yote miwili ni mibaya.

Nora kajitolea kugawa chai, aproni kiunoni, lipstiki mdomoni, sijawahi kumwona na lipstiki. Sasa hivi aliingia hapa kuchukua vikombe. Akaniuliza yule pale mbele si Olive Garbutt? Maana kuna mtu kamwambia mlangoni kwamba wa mwisho kulia ni baba yake Olive. Uso wake ulikuwa unang'aa. Nikasema Nora, subiri kwanza. Akasema hatamsumbua, atampelekea kikombe tu. Akauliza anakunywa na sukari ngapi. Nikasema mbili! Hilo ndilo nililosema. Mbili.

Namwona kupitia dirisha la kupitishia vyombo. Amefika mstari wa mbele. Ameinama, anampa kikombe kwa mikono yote miwili. Olive hakipokei. Amefungua kitabu mapajani, anasema kitu, kidole kiko kwenye picha — na Nora, anatabasamu bado, amekiweka kikombe sakafuni na anatafuta miwani yake kwenye mfuko wa aproni.